Neno "Hela"

Juma lililopita nalikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu, vijana wanaojifunza kazi ya ualimu, nikakuta mmoja ameandika, "Mwaka ule baba hakuwa na hela ya karo." Nikashika kalamu nyekundu, nikalikata neno hela, nikaandika juu yake fedha, nikampunguzia alama moja. Ndivyo nilivyofundishwa mimi mwenyewe katika shule ya misheni, kwamba hela ni neno la sokoni, wala halifai kuandikwa. Yule kijana akanijia kwa adabu akaniuliza, "Mwalimu, neno hili lina kosa gani?" Nikatafuta jibu nisilione. Basi jioni ile nikaanza kuifuata njia ya neno lenyewe.

Katika nchi ya Wadachi, yaani Wajerumani, uko mji uitwao Schwäbisch Hall. Zaidi ya miaka 700 iliyopita mji huo ulikuwa ukifua sarafu ndogo ya fedha, na watu wakaiita kwa jina la mji, Heller, maana yake "ya Hall". Kadiri sarafu ile ilivyoenea, ndivyo fedha iliyomo ilivyopungua, hata ikawa ya mwisho kwa udogo. Mdachi akitaka kudharau kitu husema hakifai hata Heller moja.

Huku kwetu iliingia kwa ajili ya hesabu. Tangu mwaka 1890 Kampuni ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki ilitoa rupia na pesa zake, kwa kufuata desturi ya Bara Hindi iliyokwisha kuzoeleka pwani, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Fikirini watu watano wamepata rupia moja ya kugawana: kila mtu pesa 12, zinabaki 4, na ugomvi umeanza. Mwaka 1904 Serikali ya Wadachi ikaiacha pesa, ikaamuru rupia iwe hela 100. Sasa wale watano kila mtu ana hela 20, nao huenda zao kwa amani. Lakini pesa moja ya zamani ilikuwa sawa na hela moja na nusu na kichele kidogo. Na kile kichele, nadhani, si mwenye duka aliyekipoteza.

Palikuwa na nusu hela, hela moja, tano na kumi. Ile ya kumi ilikuwa na tundu katikati, ikaweza kutungwa katika uzi. Nyumbani kwetu milimani palikuwa na moja ya namna hiyo ndani ya kikopo cha vifungo, nasi watoto tuliichezea pasipo kujua ni kitu gani.

Sasa, kwa nini jina la sarafu ndogo kabisa likawa jina la mali yote? Kwa nini hatusemi, "Sina rupia"? Jibu nililo nalo ni hili. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilikuwa rupia 3, na rupia 3 kwa hesabu mpya ni hela 300. Mtu wa Usangi au Ugweno alikuwa na migomba na maharagwe, lakini rupia haioti mgombani. Ilimpasa auze kitu, au ashuke tambarare akafanye kazi ya mshahara. Rupia ikaingia mkono huu, ikatoka mkono huu kwenda kwa mtoza kodi. Kilichobaki nyumbani, kikahesabiwa usiku na mama na baba, kilikuwa hela. Jina likamshika yule aliyelihesabu.

Vita ilipokuja na meli zisipofika, Wadachi walifua hela 5 na hela 20 huko Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, kwa shaba na kwa maganda ya risasi. Mwaka huohuo Tabora ikatekwa. Ikaja fedha ya Waingereza, na mwaka 1921 shilingi ya senti 100. Sarafu ya hela ikafa, na neno likazidi kupanda cheo, hata leo mtu mwenye mamilioni husemwa ana hela.

Tena neno hili limeshika mpaka wake wa zamani. Ukivuka milima yetu ukateremkia upande wa mashariki, utafika ziwa la Jipe, na ng'ambo yake ni Kenya. Huku twasema hela. Ukifika soko la Taveta utasikia pesa. Lakini ukienda mbali magharibi hata Burundi, nchi iliyotawaliwa na Wadachi hata mwaka 1916, utawasikia wenyeji wakisema amahera kwa lugha yao. Wadachi wameondoka zamani, na bado mtu aweza kuifuata mipaka yao kwa sikio.

Basi kama hela ni neno la kukatwa kwa kuwa ni sarafu ya wageni, na pesa je? Hiyo nayo ni sarafu ya Kihindi. Hata fedha limetoka Uarabuni, na asili yake ni madini tu. Tofauti ni ya mahali. Fedha hukaa katika hazina na vitabu. Husikii mtu akisema Waziri wa Hela. Hela hukaa mfukoni na katika pindo la kanga, na aghalabu hutajwa inapokosekana.

Nimemrudishia yule kijana alama yake. Akiandika barua kwa Mkuu wa Wilaya nitamtaka aandike fedha. Lakini baba yake, mwaka ule wa karo, alichokosa ni hela.