Matumaini na Dhana Njema: Suala la Majitaka Thika na Ruiru

Dhana njema ni makadirio: mtu hutazama hali ilivyo na kuamini kwamba mwisho wake utakuwa mzuri. Matumaini hayategemei makadirio hayo. Mwenye matumaini huweza kukiri kwamba hali ni mbaya na huenda ikazidi, lakini akashika kazi kwa kuwa bado lipo linaloweza kufanywa. Tofauti hii inafahamika. Lenye uzito ni jinsi inavyojitokeza katika mipango ya mazingira.

Shirika la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwalipa wanawake kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Serikali ya Kenya ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miche milioni 100, sehemu ya lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Lengo ni jema na linastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, kuhesabu kilichopandwa ni kazi ya siku moja, ilhali kuhesabu kilichoishi ni kazi ya miaka: ya kwanza hutosheka na dhana njema, ya pili huhitaji matumaini.

Tofauti hiyo hiyo ipo katika suala la majitaka. Miji ya Thika na Ruiru iko mahali mabonde mawili makubwa ya mito yanapoachana. Mito ya Chania na Thika hukutana mjini Thika na maji yake huishia mto Tana. Mito ya Ruiru na Ndarugu huingia mto Athi, ambao huitwa Sabaki unapofika baharini kaskazini ya Malindi. Viwanda vya Thika na jaa la Kang'oki vimejadiliwa katika vikao vingi. Majitaka ya nyumba za kupangisha hayajapewa nafasi hiyo, na ndiyo yanayoongezeka kila mwezi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, mji wa nne kwa ukubwa nchini, na 251,407 mjini Thika. Mashamba ya kahawa yalikatwa ploti, na barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, magorofa yalifuata. Mabomba ya majitaka hayakwenda kwa kasi hiyo. Kila gorofa lisilofikiwa na bomba hutegemea tangi la chini ya ardhi: kinyesi hutuama na kuwa tope, maji ya juu hupita kwenda kwenye shimo la kunywea, na udongo huyamaliza. Mpango huu hufaa familia chache kwenye udongo unaopitisha maji. Katika sehemu nyingi za kuelekea Juja udongo ni mweusi wa mfinyanzi, nao ukishalowa haunywi tena. Tangi lisiponyonywa kwa wakati, tope huvuka hadi kwenye shimo na kuliziba kabisa.

Yanayofuata yanaonekana nyuma ya ploti wakati wa masika. Mfuniko wa saruji huinuka upande mmoja, maji ya kijivu hutoka chini yake na kufuata ukuta hadi mtaro wa barabara. Mtunza nyumba humwaga majivu kupunguza harufu. Mtaro huo ulichimbwa kwa ajili ya mvua, na huishia mtoni. Lori la kunyonya huitwa majitaka yakishafika mlangoni kwa wapangaji, na tope likishaondoka uani, ni nadra mtu kuuliza limemwagwa wapi. Hili ndilo linalokatisha tamaa: wakiulizwa, mwenye nyumba, fundi na mkaguzi wote hujibu kwamba bomba la majitaka liko njiani. Inakubalika kwamba taasisi husika zina bajeti finyu. Lakini jibu hilo limetolewa kwa miaka mingi, na magorofa yameidhinishwa kwa kulitegemea. Hiyo ni dhana njema iliyogeuzwa kuwa kibali cha ujenzi.

Matumaini yangeanza na kinachoweza kufanywa sasa. Inapendekezwa kibali cha ujenzi kitolewe kwa kuzingatia huduma iliyopo siku ya maombi, pamoja na kipimo cha udongo cha ploti yenyewe. Ukubwa wa tangi ulingane na idadi ya vyumba vitakavyopangishwa, na ghorofa ikiongezwa tangi likaguliwe upya. Tangi linyonywe kwa ratiba, kabla halijafurika. Kila lori libebe kitabu kinachoonyesha limenyonya wapi na limemwaga wapi, kikigongwa muhuri kwenye kituo cha kusafishia maji. Bila muhuri huo, leseni ya lori isihuishwe.

Inapendekezwa pia kaunti itenge mahali halali pa kumwaga na kukausha tope karibu na Ruiru, kwa sababu safari ndefu humshawishi dereva kumwaga njiani. Kanuni za ubora wa maji zimeweka viwango vya maji yanayoruhusiwa kuingia mtoni. Vyama vya watumiaji maji viwezeshwe kuchukua sampuli juu na chini ya kila mtaro mkubwa, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya chifu. Bomba linapofika, nyumba zilizounganishwa ndizo zihesabiwe, si kilomita zilizochimbwa. Ratiba ya kunyonya isisubiri bomba. Mwisho, wakazi waelezwe kwamba Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia, na maelezo hayo yatolewe kwenye baraza za mitaa, pamoja na nakala ya malalamiko ambayo mpangaji anaweza kuijaza mwenyewe.