Mtu wa Tatu Anapoondoka Kesini, Nani Anabaki na Mzigo?



Tumekutana hapa Dakawa, mahali ambapo mpunga unaostawi kwa maji ya Mto Wami ndio chakula, ada ya shule na matibabu. Gunia likipotea, maisha ya nyumba nzima hutikisika.

Tuchukue mfano. Mama mjane ameweka magunia 40 kwa mwenye ghala, na mpunga hauonekani. Anafungua shauri la madai. Mwenye ghala anajitetea kwamba mzigo ulipotelea kwa mwenye lori, na anaomba ruhusa ya mahakama amwingize katika shauri. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 inaruhusu jambo hilo, na aliyeingizwa huitwa mtu wa tatu. Mjane hakumshtaki huyu. Dai dhidi yake ni la mwenye ghala, yaani: nikishindwa mimi, yeye anirudishie.

Baadaye wawili hao wanapatana. Mwenye lori analipa kiasi, na dai dhidi yake linafutwa. Je, kesi ya mjane imekwisha? La hasha! Mwenye ghala angali mdaiwa, na mapatano hayamfungi asiyekuwamo.

Kupatana ni jambo jema. Tangu mwaka 1994 kanuni zetu zimeyapa mashauri ya madai nafasi ya usuluhishi, na Amri ya 23 ya sheria hiyo yataka mapatano halali yaandikwe na mahakama. Lakini wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nami naongeza: hata tembo wakipatana, nyasi huweza kuumia. Mjane akisikia mitaani kwamba “kesi imefutwa”, huacha kuhudhuria. Na shauri la mdai asiyehudhuria laweza kufutwa kweli.

Kwa hiyo tuulize mambo matatu. Kwanza, ni dai lipi linalofutwa, na lipi linabaki? Pili, linafutwa kabisa, au kwa ruhusa ya kulifungua tena? Ruhusa hiyo huombwa mahakamani. Anayeliondoa dai lake bila ruhusa hawezi kulifungua upya. Tatu, je, mjane anataka mwenye lori awajibike kwake moja kwa moja? Basi aiombe mahakama mapema imuunganishe kama mdaiwa.

Tena, tuzo iliyotolewa kwa ridhaa ya pande zote haikatiwi rufaa. Dole gumba likishawekwa kwenye hati, majuto ni mjukuu.

Ndugu zangu, tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hatuna udhuru tena. Tumsindikize mjane huyo, tumsomee hati neno kwa neno kabla hajaitia sahihi, na tumkumbushe tarehe ya kuitwa kwa shauri lake. Amani ya kweli haipatikani kwa kumwacha mmoja gizani.