Nani Hulipia Muda wa Wazo Bichi?

Ofisi nyingi kubwa za Afrika Mashariki zina sanduku la maoni. Limetundikwa kwenye korido, limefungwa kwa kufuli, na si ajabu aliyekuwa na ufunguo ameshahamishiwa mkoa mwingine. Mhadhara huu unaanzia hapo kwa kuwa sanduku lenyewe halina kosa. Toyota ilianzisha mpango wa kukusanya mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, na bado unaendelea. Zawadi zake nyingi ni ndogo. Kinachoupa uhai ni kwamba pendekezo hujibiwa, na likifaa aliyelitoa huliona likifanya kazi pale pale anaposimama kila siku.

Wakubwa wa kampuni wakiulizwa nini huleta ubunifu, wengi hujibu bila kusita: motisha. Na motisha, kwa Kiswahili cha ofisini, ni bahasha.

Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa Marekani, Sam Glucksberg, aliipima imani hiyo kwa fumbo lililobuniwa na Karl Duncker. Mtu hupewa mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, kisha huambiwa aubandike mshumaa ukutani bila nta kudondokea mezani. Ufumbuzi ni kuzimwaga pini na kukipigilia kisanduku ukutani kiwe kibao cha kuusimamishia mshumaa. Walioahidiwa pesa wakiwahi walichelewa, kwa wastani, kwa zaidi ya dakika tatu kuliko wasioahidiwa kitu. Lakini pini zilipowekwa nje ya kisanduku tangu mwanzo, jibu likawa wazi, na safari hii wenye ahadi ya pesa ndio waliotangulia. Bahasha humwongezea mwendo anayeijua njia. Anayeitafuta humfinya macho.

Hapa mabahili wasishangilie, maana kuna kisa cha Shuji Nakamura. Kampuni ya Nichia, katika mji wa Anan kisiwani Shikoku, Japan, ilikuwa ikitengeneza unga unaong'aa unaopakwa ndani ya taa za tyubu na vioo vya televisheni. Mwaka 1988 Nakamura, mhandisi ambaye hakuwa hata na shahada ya uzamivu, alimwendea mwanzilishi wa kampuni, Nobuo Ogawa, akaomba fedha za kutafuta LED yenye mwanga mkali wa buluu. Kampuni kubwa kuliko Nichia zilikuwa zimehangaika nayo kwa miaka bila mafanikio. Mzee akakubali: fungu la mamilioni ya dola, na mwaka mzima wa kujifunza Florida. Baadaye uongozi ulibadilika, Nakamura akaagizwa aachane na utafiti huo. Hakuacha. Mwaka 1993 Nichia ikaitangazia dunia taa ile ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha mwanga mweupe wa balbu za LED zinazowaka leo hadi vijijini.

Kwa uvumbuzi huo Nakamura alipewa yeni 20,000, chini ya dola 200. Aliondoka, akahamia Chuo Kikuu cha California, na mwaka 2001 akaishtaki kampuni. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru alipwe yeni bilioni 20. Mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana kwa takribani yeni milioni 840. Mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Nobel ya fizikia. Si pesa iliyomkesheza maabara. Pesa ilikuja kuwa neno baadaye, ilipofika zamu ya kuhesabu nani kapata nini. Kilichomwezesha kuanza ni mzee mmoja mwenye mamlaka aliyekubali hasara iwe yake.

Afrika Mashariki ina kisa chake, nacho husimuliwa nusu. M-Pesa haikuzaliwa ikiwa huduma ya kutuma pesa. Nick Hughes, aliyekuwa Vodafone nchini Uingereza, alitaka simu iwasaidie watu wasio na benki. Kwenye meza ya bajeti wazo kama hilo lingeangushwa mara moja na miradi yenye faida ya karibu. Liliokolewa na ruzuku ya karibu pauni milioni moja kutoka serikali ya Uingereza, kwa sharti kwamba Vodafone nayo ichangie.

Mwenzake, Susie Lonie, akahamia Nairobi. Oktoba 2005 majaribio yakaanza katikati ya jiji, Mathare na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa moja: wakopaji warejeshe mikopo midogo kwa simu.

Wateja walikuwa na yao. Wapo walioweka pesa asubuhi kabla ya safari, wakazitoa walikofika, kwa kuhofia vibaka. Wafanyabiashara wakalipana wao kwa wao. Wengine waliigeuza huduma kuwa kasha la kulazia mauzo ya siku, benki zikiwa zimeshafungwa. Na wengi wakawatumia jamaa zao pesa. Kampuni nyingine ingewaandikia barua ya onyo kwa kukiuka masharti. Wenye mradi huu waliyaandika yote hayo, wakauweka kando mkopo uliokuwa kiini cha kazi yao, na Machi 2007 Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ikazindua huduma nyepesi ya kutuma pesa nyumbani. Haukupita mwaka, wateja walikuwa wamevuka milioni moja.

Mwaka 2008 kampuni ya simu ya Vodacom iliileta M-Pesa Tanzania, na mwanzoni ikasuasua. Nchi ni pana zaidi, vijiji vimetawanyika, na Vodacom haikulishika soko kwa mkono mmoja kama Safaricom ilivyolishika la Kenya. Mawakala ilibidi watafutwe na kupangwa upya, mkoa kwa mkoa. Jina la huduma lilikuwa lile lile. Miezi ya Mathare na Thika haikuja nalo.