Mzee Akiumwa Kichwa cha Ghafla



Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa mshipa wa damu kupasuka kichwani. Huwapata watu wazima, na hatari huongezeka umri unapokwenda.

Mmeona tyubu ya baiskeli iliyochoka. Mahali palipo pembamba hutuna. Ukizidi kujaza upepo, inapasuka. Mshipa wa ubongo nao ni hivyo hivyo. Ukuta wake ukidhoofika hutuna, na pengine hupasuka. Damu humwagika kuzunguka ubongo. Shinikizo la damu na sigara huongeza hatari hiyo.

Tutaujuaje? Kichwa huuma ghafla, kwa nguvu ambayo mtu hajapata kuiona. Anatapika, shingo inakakamaa, hataki mwanga. Pengine anazimia. Jamani, huo si uzee, wala si mashetani.

Tusingoje asubuhi. Mshipa uliopasuka unaweza kupasuka tena, na hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Tumpeleke hospitali mara moja. Akiwa amezimia, tumlaze ubavu, tusimnyweshe kitu. Tusimpe aspirini, maana inazuia damu kuganda. Tumwambie daktari saa maumivu yalipoanza.

Wengine husema, "Huyu amekula chumvi nyingi, mwacheni apumzike." Hapana! Ni kweli, ugonjwa huu unaua wengi, na wazee kuliko vijana. Lakini umri peke yake hauhukumu. Kinachotazamwa sana ni hali ya mgonjwa anapofika. Mzee aliyefika akiwa macho, anaongea, ana matumaini makubwa kuliko mzee aliyefika hajitambui.

Matibabu yapo. Mwaka 1937, huko Baltimore, Marekani, Daktari Walter Dandy alifungua fuvu akabana mshipa uliotuna kwa kibanio kidogo. Njia hiyo inatumika hata leo. Tangu miaka ya 1990 iko njia ya pili. Mrija mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa, mara nyingi kuanzia pajani, hadi kichwani. Pale palipotuna hujazwa waya laini. Fuvu halifunguliwi, na jambo hilo ni nafuu kwa wazee wengi.

Mgonjwa akirudi nyumbani, kazi bado ipo. Atachoka upesi. Atasahau. Pengine atakasirika au atalia bila sababu. Huo si ukaidi, ni ubongo unaopona. Nafuu huja polepole, miezi mingi, hata mwaka. Basi tumwache alale mchana. Tumtembeze kidogo kidogo kila siku. Tumpe kazi nyepesi, kama kupukuchua mahindi. Dawa za shinikizo asiziache mpaka daktari aseme. Sigara aiache kabisa.

Penye wazee haliharibiki neno. Kwa hiyo mzee akishikwa na kichwa cha ghafla, tutafute gari kwanza. Kikao cha ukoo kitafuata baadaye.