Protini Inayoupa Uti wa Mgongo Ramani Yake



Katika eneo la Ghubra, mjini Muscat, ipo Hospitali ya Kifalme ya Oman, na ndani ya viwanja vyake kipo Kituo cha Taifa cha Jenetiki. Muscat ni mji ambamo Kiswahili kingali kinasikika katika nyumba nyingi zenye asili ya Unguja, Pemba na pwani ya Afrika Mashariki. Na katika nyumba hizo, kama kwingineko, kuna swali linaloulizwa kwa uchungu: imekuwaje mtoto azaliwe na kasoro ya ubongo au ya mgongo, ilhali baba na mama ni wazima? Mara nyingi lawama humwangukia mama. Sayansi ina jibu tofauti, na sehemu ya jibu hilo imo katika protini moja iitwayo Sonic Hedgehog.

Jina hilo lina kisa chake. Mwaka 1980, wanasayansi Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya nzi wa matunda. Waliona kwamba buu aliyekosa jeni fulani huota vijimiba mwilini kama kalunguyeye, na jeni hiyo ikapewa jina la mnyama huyo kwa Kiingereza. Mwaka 1995 wawili hao, pamoja na Edward Lewis, walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo, mwaka 1993, jeni za ukoo huo zilikuwa zimegunduliwa kwa wanyama wenye uti wa mgongo, na mojawapo ikaitwa kwa jina la Sonic, kalunguyeye wa mchezo wa video.

Kazi ya protini hii ni kupeleka ujumbe. Katika juma la tatu tangu mimba kutungwa, mfumo wa neva wa kiinitete ni utando bapa tu. Utando huo hujikunja, kingo zake hukutana, na kufikia siku ya 28 hivi huwa mrija uliozibwa. Chini ya mrija huo hupita uzi wa seli uitwao notokodi, na uzi huo ndio unaotoa Sonic Hedgehog. Protini husambaa kuelekea juu, ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Seli zilizo karibu na chanzo, zinazopata kiasi kikubwa, huweza kuwa neva zinazoamuru misuli. Zilizo mbali zaidi huwa neva za kuunganisha. Ujumbe ni ule ule, lakini kiasi chake ndicho kinachoamua kila seli itakuwa nini.

Ujumbe huo hupokewa kwenye kinyweleo kidogo kilichosimama juu ya seli mithili ya antena. Hapo kuna protini iitwayo Patched, ambayo ni kama bawabu: huizuia njia mpaka Sonic Hedgehog ifike.

Jeni ya Sonic Hedgehog yenyewe ikiwa na hitilafu, ubongo waweza kushindwa kugawanyika pande mbili. Jambo hilo lilithibitishwa kwa binadamu mwaka 1996. Wakati mwingine mzazi mwenye hitilafu hiyo hiyo haonyeshi dalili, au huwa na jino moja tu la mbele katikati ya ufizi wa juu.

Antena nazo zikiwa na kasoro, hutokea maradhi kama ya Joubert na ya Meckel-Gruber. Haya mara nyingi hurithiwa pale baba na mama wote wawili wanapobeba jeni yenye hitilafu bila wao wenyewe kuugua. Kwa wazazi hao, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuathirika. Ndoa ya watoto wa ami huongeza uwezekano wa wawili kubeba hitilafu moja. Ndiyo maana ushauri wa jenetiki una thamani kubwa, hasa kwa familia iliyokwisha kumpoteza mtoto.

Mgongo wazi ni jambo jingine, kwani huko mrija wenyewe hushindwa kuziba, na sababu zake ni nyingi. Hapa Oman ina funzo la kutoa. Tangu mwaka 1996 nchi hiyo huongeza asidi ya foliki katika unga wa ngano, na katika miaka iliyofuata idadi ya watoto waliozaliwa na mgongo wazi ilipungua sana. Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012 ziliweka kanuni za kurutubisha unga, ingawa unga mwingi wa mashine ndogo za mitaani hauguswi na kanuni hizo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mrija wa neva hujikunja kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo vidonge vya asidi ya foliki vyafaa kuanza kabla ya kushika mimba. Haviwezi kurekebisha jeni yenye hitilafu, lakini hupunguza hatari ya mgongo wazi. Na pale kasoro inapotokea, familia haina haja ya kumtafuta mkosaji. Inahitaji kumwona daktari, na kuujua ukweli kabla ya mimba nyingine.