Breki Baada ya Kushuka Mlima

Maelezo kwa wakazi na wenye vyombo vya moto wa kata zilizo kando ya barabara ya Mombo–Lushoto



Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilometa zipatazo 33. Lushoto iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mombo iko karibu mita 400 tu. Lori linaloteremka na kabichi na karoti za Lukozi hushuka basi kimo cha kilometa nzima, na nguvu ya kimo hicho haitoweki. Sehemu ambayo injini na upepo havikuizuia hugeuka joto ndani ya magurudumu. Kwa lori lenye uzito wa tani 10, joto hilo, lau lote lingeachiwa breki, lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji. Hiyo ndiyo asili ya ile harufu ya kuungua ambayo abiria wa njia ya Soni wameizoea hata hawaitaji tena.

Kuhusu kushuka kwenyewe mengi yanajulikana: gari lishuke kwa gia nzito, wala lisiachiwe frii kwa tamaa ya kuokoa mafuta. Jambo lisilosemwa sana ni lile linalofuata mteremko ukiisha.

Mara nyingi dereva akifika Mombo husimama papo hapo kunywa chai, akavuta breki ya mkono kwa nguvu, na utingo akaja na ndoo ya maji kuyamwagia magurudumu. Mambo yote mawili yana madhara. Diski na dramu za breki ni chuma cha kusubu. Kikiwa na moto mkali kisha kikapigwa maji baridi, huweza kupinda au kupasuka, na ufa mwembamba hauonekani siku hiyo. Breki ya mkono nayo hukandamiza viatu vya breki kwenye dramu iliyotanuka kwa joto. Dramu ikipoa husinyaa juu ya viatu hivyo, na gurudumu huweza kugoma kuachia.

Ikiwa pedali bado ni ngumu na hakuna moshi, ni bora gari liendelee polepole kwenye tambarare kilometa chache, breki zikiguswa kwa nadra, ili upepo uzipooze. Kisha lisimame mahali sawa, liwekwe gia, magurudumu yazuiwe kwa vigingi au mawe, na breki ya mkono iachwe mpaka joto lipungue. Lakini pedali ikilegea, au moshi ukionekana, dereva asimame mara moja mahali salama, hata kama ni katikati ya mlima na mwenye mzigo anapiga simu. Kabichi zikichelewa hushuka bei. Hasara hiyo inahesabika.

Kulegea kwa pedali kuna sababu inayostahili kuelezwa kwa kirefu, maana huwadanganya wengi. Mafuta ya breki ya kawaida, yale yenye alama ya DOT 3 au DOT 4, hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 3 mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 140. Mlimani joto hilo hufikiwa, nayo mafuta yakichemka hutoa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Mguu hukanyaga mpaka sakafuni na gari halisimami. Baada ya nusu saa mvuke hurudi kuwa maji, pedali hupata ugumu wake, na dereva husema gari limepona. Halijapona. Mafuta hayo yanapaswa kumwagwa yote, mapya yawekwe na upepo utolewe kwenye mipira. Hata bila tukio kama hilo, ni vyema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Breki zikishapoa, fundi afungue magurudumu. Pedi zenye uso unaong'aa kama kioo zimeungua na hazishiki vizuri. Zilizobaki na unene wa chini ya milimita 3 zibadilishwe, na zibadilishwe za magurudumu yote mawili ya ekseli moja. Madoa ya buluu kwenye diski ni ushahidi wa joto lililopita kiasi. Ipo pia njia isiyo na gharama: mara tu gari linaposimama, kiganja kisogezwe karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake huenda breki yake haiachii. Lile la baridi ndilo la kutia hofu zaidi, kwani halikufanya kazi mlima mzima, na mzigo wake ulibebwa na mengine.

Kwa malori ya breki za upepo, mitungi imwagwe maji kila siku na urekebishaji wa viatu ukaguliwe breki zikiwa baridi. Dramu yenye moto hutanuka na kujitenga na viatu, hivyo breki iliyolegea kidogo asubuhi huweza kukosa mshiko kabisa kabla ya kufika bondeni.

Limebaki suala la nani alipe. Dereva wa gari la abiria anayepeleka hesabu kila jioni hawezi kuachiwa mzigo wa kununua pedi na mafuta, wala hawezi kukaa nusu saa Mombo akipooza breki ikiwa tajiri anadai safari zilezile kwa siku. Wamiliki wanaombwa waondoe muda huo na gharama hizo kwenye hesabu ya siku. Nao abiria wanaosikia harufu ya kuungua wamwambie konda, na gari likisimama, washuke wasubiri.