Mashua ni Amana

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenitaka nizungumzie kitabu kimoja nilichokisoma nikiwa shuleni hapa. Nimechagua Swallows and Amazons cha Mwingereza Arthur Ransome, kilichotolewa mwaka 1930. Nilikikuta maktabani nikiwa kidato cha pili, na maneno yake ya matanga na kamba yalinitoa jasho. Lakini tangu niingie katika utumishi wa serikali nimekikumbuka mara nyingi kuliko vitabu nilivyotahiniwa.

Ransome alizaliwa Leeds mwaka 1884. Alipokuwa mtoto, jamaa yake walikuwa wakienda likizo ya kiangazi shambani Nibthwaite, kando ya ziwa Coniston, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alifariki mwaka 1897, Arthur akiwa na miaka 13. Alipokua akawa mwandishi wa magazeti, akaandika habari za mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917. Umri wake ulipopita miaka 40, ndipo aliporudi kwa kalamu kwenye maji yale ya utotoni. Ziwa la kitabuni halina jina. Ameliunga kutokana na Coniston na Windermere.

Hadithi yenyewe si ndefu kusimulia. Watoto wanne wa familia ya Walker, yaani John, Susan, Titty na Roger, wako likizoni kando ya ziwa pamoja na mama yao. Wanaomba ruhusa ya kwenda na mashua ya tanga hadi kisiwani, wakalale huko peke yao. Baba yao ni ofisa wa Jeshi la Majini, naye yuko mbali. Mama anampelekea barua, na jibu linakuja kwa simu ya maneno machache. Maana yake ni kwamba baba anaamini watoto wake si wazembe, na asiye mzembe hazami.

Vijana wengi husoma hapo wakafurahi: kumbe hawa wameachiwa! Lakini tazameni vizuri. Mama hakusema "haya nendeni" kisha akaingia ndani kulala. Alishona mahema. Alitaka kuona kwanza jinsi wanavyoiendesha mashua. Kila siku watoto walipaswa kufuata maziwa kwenye shamba la ng'ambo, na kwa njia hiyo palikuwa na mtu mzima aliyewaona kila siku. Mdogo wao, Roger, mwenye miaka saba, alipaswa kujifunza kuogelea. Uhuru ule ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na mipaka na kazi zake.

Usiku mmoja John, ambaye ndiye nahodha, anaendesha mashua gizani kati ya visiwa bila kuona aendako. Wanasalimika. Mama anapokuja, John anamweleza mwenyewe jambo lile. Mama hampigi wala hamnyang'anyi mashua. Anamtaka aahidi kwamba hawatasafiri tena usiku, naye anaahidi. Mimi naona hapo ndipo mtoto yule anapopevuka. Mtu aliyeaminiwa ana kitu cha kulinda, ndiyo maana husema kweli. Asiyeaminiwa hujifunza kuficha tu.

Ransome anatuonyesha na upande wa pili. Yupo bwana mmoja, Jim Turner, anayeishi ndani ya mashua aliyoifanya nyumba, akiandika kitabu. Mtu amemlipulia fataki juu ya paa, naye amekwisha kuamua kwamba mkosaji ni John. John anakwenda kumpelekea onyo kutoka kwa wachoma mkaa, kwamba atie kufuli madhubuti. Turner hamsikilizi, anamwita mwongo. Baadaye wezi wanavunja, wanachukua sanduku lenye mswada wake. Ndipo mzee mzima anapokwenda kisiwani kumwomba radhi mtoto. Na watakaolipata sanduku hilo ni watoto haohao aliowadharau.

Sitaki kukisifu kitabu hiki kupita kiasi. Watoto wale katika michezo yao hujiita wavumbuzi, na watu wazima wa pale huwaita "wenyeji", kwa neno lilelile ambalo wakoloni walituitia sisi. Tukisome tukijua kiliandikwa wakati gani na mahali gani. Lakini kujua hivyo hakutuzuii kuchukua lililo jema.

Ndugu Mwenyekiti, nimefanya kazi mahali ambapo kijana aliyetoka chuo kikuu hakuruhusiwa kutia sahihi hata barua ya kuagiza karatasi. Baada ya miaka mitano wakubwa walilalamika kwamba vijana hawajui kuamua. Wangejulia wapi? Nimeona pia kinyume chake: kijana anatupiwa kazi nzito bila maelekezo, akiharibu anatukanwa. Wa kwanza amenyimwa mashua. Wa pili amepewa mashua bila kuulizwa kama anajua kuogelea.

Basi kwenu wenzangu, ambao sasa ni wazazi na wakuu wa kazi, nasema: toeni amana, na kabla ya kuitoa fanyeni kazi ya yule mama. Na mkimkosea kijana, mwombeni radhi mbele yake. Heshima yenu haitapungua.

Nanyi vijana, leo mmekabidhiwa ufunguo wa maktaba, stoo ya vyakula na kengele ya shule. Msiviite vitu vidogo. Mambo yakiharibika mikononi mwenu, nendeni mkaseme wenyewe kabla hamjaulizwa. Mkifanya hivyo, atakayetaka kuwakabidhi jambo kubwa zaidi hatasita.